Ukuta Aliouacha Ezell Crume

Kaka yetu Ezell Crume, tunayemsindikiza leo katika ukumbi huu wa shule, alizaliwa tarehe 9 Februari 1956 huko Cotton Plant, Arkansas, mtoto wa tatu wa mzee Lucius na mama Ola. Mama alituambia alitoka amekunja ngumi, na mkunga akashindwa kuzifungua. Mwaka 1961 tulihamia hapa Corliss, Missouri, baba alipopata kazi katika kiwanda cha kuchinja nguruwe. Baba, Mungu amrehemu, alitupiga kwa mkanda. Ezell alikuwa anajisogeza mbele, ili mkono wa baba uchoke kabla ya kutufikia sisi wadogo.

Alisoma Shule ya Msingi Tolliver, jengo hili hili. Kila wiki alipigana. Alimvunja pua mtoto aliyemcheka kwa kuvaa viatu vya dada yake. Mwalimu wake, Bi Hazel Munday, hakumfukuza. Alimpa vifutio vya ubao akavipige kwenye ukuta wa kibarazani. "Piga, bwana mdogo," alimwambia. "Ukuta hauna pua." Alivipiga miaka mitano. Aliacha masomo darasa la kumi, mwaka 1972.

Mwaka 1975 aliajiriwa na kampuni ya kubomoa majengo. Alivunja hoteli, hospitali alimozaliwa binti yake, na makanisa mawili, ila kwa hayo alitubu kwanza ndipo akawasha mashine. Tarehe 12 Juni 1979 alimwoa Arnetta Lyles, mwanamke pekee aliyeweza kumwambia "kaa" naye akakaa. Walijaliwa binti mmoja, Denise. Arnetta alitangulia mwaka 2009.

Mwaka 2014 mjukuu wake Janiya alianza shule ya mkataba ya Mwanzo Mpya. Ni shule ya umma, haina karo, lakini haikuwa chini ya bodi ya mji wetu, kwa hiyo haikupewa jengo wala fedha ya jengo. Ilipanga kiwanda kile kile alichofanyia kazi baba. Kulabu za nyama zilikuwa bado zinaning'inia juu ya madawati, na mtaani watoto wale waliitwa "soseji." Tolliver ilikuwa imefungwa, tupu, mtaa wa pili tu. Bodi ilisema afadhali ivunjwe kuliko kuwapa.

Nami, Verlene, ninayewasomea haya, nilikuwa upande wa bodi. Nilipikia shule za mji miaka kumi na tisa, na kila mtoto aliyehamia kule aliondoka na fungu lake la fedha ya serikali, jikoni kwetu tukapunguzwa. Kwenye kikao cha bodi na wazazi cha tarehe 3 Machi 2015 viti viliruka. Mama mmoja alipasuliwa nyusi. Nilimpiga Ezell sikioni kwa mkoba, na Biblia ilikuwa ndani.

"Mdogo wangu," alisema akilishika sikio, "leo Neno limenifikia."

Watu walicheka, kisha wakaendelea kupigana.

Tarehe 20 Julai kampuni ilimtuma kuvunja Tolliver. Hakukataa, alibakiza miezi minne astaafu. Kwa siku mbili aliangusha upande wote wa mashariki. Siku ya tatu meno ya mashine yaliuma ukuta wa kibarazani, na kwenye matofali kukatoka vumbi jeupe la chaki. Akazima.

"Umechoka, mzee?" aliuliza msimamizi, Bwana Hruska. "Shuka, nimalizie."

"Ukipanda, utashuka bila meno."

Alipanda. Alishuka bila meno mawili. Ezell alizitupa funguo za mashine mtoni, akaketi chini ya ukuta akawangoja polisi.

Alifungwa siku tisini, na kazi akaikosa. Lakini ubomoaji ulisimama, na wazazi wa pande zote mbili wakawa wanakuja kutazama nusu ya shule. Novemba bodi ilipiga kura, wanne kwa watatu, Mwanzo Mpya wapangishwe nusu hiyo. Mwaka uliofuata niliomba kazi katika jiko la humu. Ezell, aliyekuwa amemleta Janiya, alinipokea mlangoni, amelifunika sikio kwa kiganja. Bwana Hruska naye Ezell alikwisha kumwomba radhi kwa magoti. Yuko nasi leo, na meno yake mapya.

Mei 2020 madaktari walikuta vumbi la miaka arobaini mapafuni mwake. Alipigana nalo kama alivyopigana na kila kitu. Alivunja mtungi mmoja wa oksijeni na kumtukana muuguzi, kisha akamwombea. Alifariki nyumbani tarehe 14 Januari 2022, saa tatu asubuhi, amekunja ngumi. Janiya alizifungua, kidole kimoja kimoja.

Ameacha binti, Denise, mjukuu, Janiya, mdogo wake, Verlene, na alama za meno ya mashine pale kibarazani, ambazo aliagiza zisizibwe.

Apumzike kwa amani, viganja wazi.