Beleshi Lililolala Juu

Makambako kuna upepo usiojua adabu. Unakuingia shingoni, unakutokea miguuni, na ukizubaa unaondoka na kofia yako. Ndiyo maana watu wa kijiwe cha Mzee Issa, pale kona ya kwenda stesheni, hawakai kimya: wanasema mdomo ukifanya kazi mwili hupata joto. Benchi ni moja, limeegemea ukuta wa kinyozi. Dele la kahawa linafuka juu ya jiko, na kashata zimefunikwa kwa gazeti ili nzi wasiwatangulie wateja. Hapo ndipo nchi inapoendeshwa tangu mambo yalegezwe, mtu binafsi akaruhusiwa kununua mahindi bila kukimbizana na wakubwa wa ushirika. Asubuhi ile ya manyunyu walikuwepo watatu, ukimwacha Mzee Issa na vikombe vyake. Mwalimu mstaafu Anyisile, aliyeitwa Profesa kwa kuwa hajawahi kusema "sijui". Mika, zamani utingo wa malori ya Songea, aliyeitwa Redio kwa kuwa hana pa kuzimia. Na Halfan, mnunuzi wa mahindi, ambaye kahawa ilikuwa inampoa mkononi.

Halfan alikuwa anatazama ng'ambo ya barabara, kwenye kiwanja chake. Pale lilisimama lile tinga ambalo watu wanaliita kijiko, lenye mkono wa kuchimbia nyuma na beleshi kubwa mbele. Alikuwa amelikodi kutoka kwa tajiri mmoja wa mtaa wa Ramadhani, kule Njombe mjini, limchimbie msingi wa ghala. Beleshi la mbele lilikuwa limeinuliwa juu, kama paa la kibanda. Na chini yake, akijikinga na manyunyu, Mama Ema, muuza uji, alikuwa amepanga mafiga na kuteleka sufuria yake.

Ukutani nyuma ya kijiko paliandikwa HOTELI YA TUMAINI kwa rangi nyekundu. Halfan alipofika alfajiri aliyasoma maneno yale yote, beleshi likiwa juu yake. Sasa ukingo wa beleshi ulikuwa umezifunika zile herufi vichwa.

— Limeshuka, — alisema Redio. — Alfajiri Mama Ema alipita pale na ndoo kichwani, hajainama. Sasa hana ndoo na anainama.

— Kachoka, — alisema Profesa. — Mtu mzima akichoka mgongo hupinda.

— Mgongo wake ndio unashusha chuma?

— Mika, usinikatize. Kuna baridi au hakuna?

— Ipo.

— Basi. Chuma kikipata baridi hunywea. Nimelifundisha hilo darasa la saba miaka na miaka.

— Acha fiksi, Profesa. Kwa baridi ya hapa reli ingekuwa imeshanywea mpaka treni inashusha abiria porini!

Mzee Issa alicheka, akammiminia kila mmoja. Halfan hakucheka. Miongoni mwa wote wale ni yeye peke yake aliyejua sababu.

Enoki, dereva wa kijiko, alimwambia tangu siku ya kwanza. Enoki ni kijana wa Kidugala, mpole, anayeongea na mashine kama anaongea na ng'ombe. Kila asubuhi, kabla ya kuiwasha, huizunguka: anapima oili, anatazama maji, anagusa matairi, anapaka grisi kwenye maungio, kisha anachungulia chini kama kuna kilichodondoka. Na jioni, kabla ya kuzima, hushusha beleshi la mbele na mkono wa nyuma mpaka vikalie ardhi. Hilo la jioni ndilo lililomkera Halfan. Makambako ina wafua majembe hodari, na hakuna chuma wanachokitamani kama meno ya beleshi. Kiwanjani kwa jirani yake yalikwisha kung'olewa, yakaenda kulima Wanging'ombe. Kwa hiyo Jumamosi, Enoki alipotaka kulaza beleshi, Halfan alimzuia. Linyanyue, alimwambia, mwizi asilifikie.

— Bosi, — Enoki alisema siku hiyo, — chuma kikilala juu hakijalala. Kinavizia. Na hii sili, huu mpira wa kuzuia mafuta, inatokwa jasho, mafuta yanavuja kidogokidogo. Mafuta ndiyo yanayoshikilia hii mikono juu.

— Nani kakodi, mimi au wewe?

Enoki akalinyanyua, akazima, akaenda zake Kidugala kumzika mjomba wake, ufunguo mfukoni. Na alfajiri ya leo Mama Ema alipomwuliza Halfan kama anaweza kujibanza pale mpaka mvua ipite, Halfan alimjibu kwa mdomo wake mwenyewe: kaa mama, hapo ni salama kuliko nyumbani kwako. Mama yule ndiye aliyempa chumba cha uani alipofika kutoka Kondoa na mfuko mmoja wa nguo.

— Mimi naona si chuma kinachoshuka, — alisema Redio. — Ni ardhi inayopanda.

— Ardhi?

— Halfan kachimba mtaro kule. Umeshakalia godoro la sufi? Ukikaa upande huu, upande ule unafura. Udongo ndivyo ulivyo.

— Hapo umesema neno, — alisema Profesa, na kwa kuwa hakupenda kupitwa akaongeza: — Lakini hujafika mwisho. Ile mashine imetoka Ulaya. Sasa hivi kule bado usiku. Mashine inafuata saa ya kwao. Inasinzia.

— Na mbona wiki nzima haikusinzia?

— Dereva alikuwa anaisemesha! Asiyekuwepo na lake halipo.

Mzee Issa alitikisa kichwa taratibu. Yeye alikuwa mtu wa maneno machache, na akisema husikilizwa kwa sababu ndiye mwenye kahawa.

— Enoki yuko msibani, — alisema. — Kitu na mwenyewe. Kinamwinamia marehemu.

Wakaweka vikombe chini kidogo, kwa heshima ya marehemu. Halfan alitazama ukuta. HOTELI ilikuwa bado inasomeka kwa mtu anayejua imeandikwa nini. Wanafunzi wawili walikuwa wamechuchumaa chini ya beleshi, wanapuliza uji. Halfan akajikuta amesimama nusu. Wakamaliza, wakapangusa midomo, wakakimbilia shule. Akakaa.

— Wewe una nini? — aliuliza Redio. — Unapanda unashuka kama lile beleshi lako.

— Ni mafuta, — alisema Halfan, sauti ndogo.

— Mafuta gani?

— Ya ndani. Yanavuja.

— Sasa si yanaongezwa? Mimi nimekaa na malori, bwana. Ngoja nipande nivute kile kirungu, nilishushe lote liishe.

Halfan alimdaka koti.

— Usiguse! Ukivuta litaanguka kwa mara moja!

— Si ndiyo tunataka lishuke?

— Yule mama yuko chini!

Alilisema, na lilipomtoka alidhani benchi zima litaruka. Lakini Profesa alikuwa ameshapata methali, na Profesa akipata methali hata moto husubiri.

— Mwenda pole hajikwai, — alisema. — Kinachoshuka polepole hakiangushi mtu. Na wahenga walishamaliza: aliye juu mngoje chini.

— Mama Ema ndiye anayemngoja huko chini, — alisema Redio, akacheka peke yake.

Hatua chache tu zilikuwa kati ya Halfan na yule mama. Lakini akivuka, lazima aseme sababu. Akisema sababu, soko zima litajua kwamba aliambiwa akakataa. Habari itafika Ramadhani kabla ya basi, tajiri atakuja kuchukua kijiko chake, na mtaro utajaa maji msimu mzima bila msingi. Na labda halitaanguka. Labda Enoki atatokea na basi la saa nne. Labda mvua itakata, mama ataondoka mwenyewe, na hakuna atakayelazimika kusema kitu. Ile "labda" ndiyo iliyomgandisha kwenye benchi, naye alijua hivyo, na akaichukia, na akaendelea kukaa.

— Siasa hiyo, — Redio alikuwa ameanza upya. — Kijiko kile kilikuwa cha serikali, sivyo? Kikauzwa kwa mtu binafsi. Kilizoea kulala kazini. Sasa kinafanyishwa kazi kila siku, kimeanza mgomo baridi.

— Mgomo wa mashine!

— Leo kijiko, kesho greda, keshokutwa treni hairudi. Nawaambieni, soko huria litatufikisha...

— Kamwene, wazee wangu.

Ilikuwa sauti ya Mama Ema. Alikuwa amevuka barabara, mwiko mkononi, manyunyu yakimeta kwenye kitambaa chake cha kichwa. Wote wakaitikia salamu kwa pamoja, kwa adabu iliyozidi, kama watoto waliokutwa jikoni.

— Kamwene, mama. Karibu kahawa.

— Hapana, sikai. Nimeishiwa sukari. Nataka mmoja wenu akanikorogee uji wangu pale kidogo, nifike dukani mara moja. Nani anakwenda?

Redio alitazama viatu vyake. Mzee Issa aligundua jiko lake linataka kupulizwa. Profesa alikohoa, akakohoa tena, na kwa mara ya kwanza tangu benchi lile liwekwe pale, hakuwa na methali.

— Mimi goti, mama, — alisema.

— Redio?

— Mimi moshi... moshi haunipendi.

— Mnapenda uji wangu lakini kuukoroga hamwezi, — alisema Mama Ema akitabasamu. — Haya. Halfani, mwanangu, nenda wewe. Si uliniambia ni salama kuliko kwangu?

Halfan alitaka kusimama. Badala yake alitazama lile beleshi, na Mama Ema akamwona anavyolitazama. Akageuka kulitazama na yeye. Kisha akawatazama mmoja mmoja, na lile tabasamu likaondoka taratibu usoni mwake.

— Usirudi pale, mama, — alisema Halfan. — Linashuka. Enoki aliniambia lisilale juu. Mimi ndiye niliyemkatalia.

— Na mmejua tangu saa ngapi?

Mzee Issa akaanza kukusanya vikombe.

— Watoto wa shule wamekunywa uji pale, Halfani. Ulikuwa hapa?

— Nilikuwa hapa.

— Ukawaona?

Mama Ema hakungoja jibu. Alivuka barabara, akasimama mbele ya kijiko, mbali na kivuli cha beleshi, akatandaza mikono yake miwili, mwiko ukiwa juu. Mwanamke mmoja alikuwa anakuja na kikombe chake, ajikinge na mvua chini ya beleshi. Mama Ema akamfukuza kwa Kibena na kwa Kiswahili, akamfukuza na mwendesha baiskeli aliyetaka kuegesha. Manyunyu yalikuwa yamegeuka mvua kamili na yalimlowesha mabega.

Hapo ndipo Halfan aliposimama. Akavuka, akasimama upande wa pili wa kijiko, akatandaza mikono kama yeye. Mama Ema hakumtazama. Nyuma yao, chini ya chuma, uji ulianza kuungua, harufu yake ikavuka barabara mpaka kijiweni, na hakuna aliyekwenda kuuepua.