Hsieh Ai-chu na Neno Lisilo na Muhuri

Marehemu dada yangu Hsieh Ai-chu alizaliwa tarehe 14 Machi 1959 hapa Puli, kifungua mimba wa mzee Hsieh Chin-fa, mtengeneza karatasi, na Bi. Pan A-yueh.

Udadisi alizaliwa nao. Angali mdogo, tarishi alileta kifurushi cha baba, naye Ai-chu akamwambia tarishi kwamba baba amekubali akipokee yeye. Akapewa, bila kugonga muhuri wa jina la baba kama ilivyo desturi. Jioni baba alifoka.

"Nani kakutuma?"

"Sijatumwa, baba. Nilitaka kuona kama atadai muhuri. Hajadai."

Alichapwa, lakini hakujuta.

Alisoma shule ya msingi Puli, sekondari Taichung, kisha chuo kikuu Hsinchu, alikohitimu elektroniki mwaka 1981. Mwalimu mmoja wa baiolojia, Bwana Lü Kuang-ting, alipomwambia kwamba anampenda, dada aliuliza, "Nani kasema?" Mwalimu akajibu, "Si mimi mwenyewe?" Dada hakutosheka, akaenda kumhoji mama wa mwalimu. Walifunga ndoa tarehe 5 Oktoba 1986 wakajaliwa binti mmoja, Yi-chun.

Mwaka 1996 aliajiriwa na hospitali moja ya Taichung kusimamia mtandao wa kompyuta. Julai 2014, akichungulia tu mambo yasiyomhusu siku hiyo, aligundua tundu katika ulinzi wa mtandao. Mwuguzi alipoandika jina na nywila yake, lango la mtandao liliuliza mashine kuu, "Ndiye?" Jibu la "ndiye" liliporudi, lango liliamini bila kukagua limetoka kwa nani. Mtu yeyote aliyejipenyeza katikati angeweza kujibu yeye, akaingia, akabadilisha dozi za wagonjwa. Dada alisema alimwona yule tarishi waziwazi.

Dawa yake ilikuwa kutia kila jibu muhuri wa siri ambao mashine kuu pekee ingeweza kuugonga. Lakini ilibidi kuzima malango yote asubuhi nzima na kuahirisha upasuaji. Mkuu wake alionyesha pakiti ya kijani ya vitafunio waliyoiweka juu ya mashine kama hirizi, ilivyo desturi ya mafundi wa kwetu, ili isisumbue.

"Haijapitwa na muda hiyo. Tungoje kidogo."

"Sawa, bosi. Hiyo pakiti inajua nani ni nani?"

Mkuu alikubali shingo upande. Tatizo ni kwamba mgonjwa wa kwanza kwenye orodha ya kesho yake alikuwa Kuang-ting, wa kupasuliwa moyo. Dada alikwenda wodini. Aliogopa sana, na alituambia hivyo hivyo.

"Nikifunga tundu, wewe unangoja mpaka keshokutwa. Moyo wako utangoja?"

"Daktari anasema utangoja. Ila nimefunga kula tangu asubuhi, Ai-chu."

"Utafunga tena."

"Basi kafunge lako, nami nifunge langu. Ila leo niletee uji wa samaki."

Alimletea. Tundu likazibwa, na shemeji yetu akapasuliwa salama siku iliyofuata.

Alistaafu mwaka 2019. Januari 2024 aligundulika na saratani ya kongosho, akalazwa hospitali ileile. Kabla ya kila dawa, mwuguzi alimwuliza jina na tarehe ya kuzaliwa, hata baada ya kuzoeana. Wagonjwa wengine walikereka. Yeye alifurahi, akajibu kila mara kama mgeni.

Asubuhi ya tarehe 9 Novemba 2024 sauti ilikuwa imekwisha. Mwuguzi aliuliza kama kawaida, na Kuang-ting akajibu kwa niaba yake, "Huyu ni Hsieh Ai-chu, mke wangu." Dada akafumbua jicho, akamtazama mumewe, kisha akauinua taratibu mkono wenye utepe wa jina, mwuguzi ausome. Ndipo akakubali dawa. Alifariki mchana wa siku hiyo.

Ameacha mume, binti, mjukuu mmoja, Po-yen, na mimi mdogo wake, Chi-tsung, ninayesoma haya. Dada, huko wakikuuliza jina, wajibu, kisha nawe uwaulize la kwao. Halafu upumzike kwa amani.