Kwa Nini Tunamzika Mama Bado Jumamosi, Si Alhamisi

Wafiwa, majirani, wafanyakazi wenzake marehemu, na ninyi nyote mliokatiza shughuli zenu mara mbili wiki hii: poleni, na asanteni. Mliokuja Alhamisi mkakuta viti vimekunjwa mtaelezwa sababu kabla hatujafika mwisho. Wasifu huu umeandikwa na mdogo wake marehemu wa kike, ambaye ndiye anayeusoma. Ulikuwapo mwingine, mfupi, mzuri, ulioandikwa ofisini kwa kaka yao mkubwa. Huo haukuchapwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1972, mtoto wa pili kati ya watatu, katika nyumba iliyopakana ukuta kwa ukuta na karakana ya baba yao. Baba alikuwa mmwaga zege. Alitengeneza matofali ya matundu ya kupitishia hewa, vizingiti vya madirisha na vyungu vikubwa vya maua kwa wenye bustani. Mama yao alikuwa akikung'uta mashuka kila asubuhi huku akiilaani siku aliyokubali posa ya mtu wa saruji. Marehemu alipokuwa na miaka sita, kaka yao alitaka kuwaringishia rafiki zake chungu kipya, akakitoa kwenye kalibu kikiwa bado kibichi. Chungu kikamomonyoka mikononi mwake. Baba alipokuja kaka akasema, "Ni huyu mdogo, kakigusa." Marehemu akachapwa. Mama aliona kila kitu kupitia dirisha la jikoni na hakusema neno, maana mtoto wa kiume alikuwa mmoja. Waswahili wanasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mama yupo hapa mbele, amesikia, na ameruhusu lisomwe.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwao, akaenda sekondari ya bweni, kisha chuo cha ufundi, fani ya ujenzi, alikohitimu mwezi Novemba 1994. Darasani wasichana walikuwa wawili, na huyo mwenzake aliolewa kabla ya mtihani. Kompyuta alijifunza baadaye, akiwa mama tayari, katika chumba cha juu ya duka la viatu ambako mwalimu alikuwa kijana mdogo kuliko kandambili za marehemu. Ndivyo alivyokuwa akisema mwenyewe, na kandambili hizo zilikuwa za zamani kweli.

Kazi aliianza Januari 1995 kwa baba yake. Karakana ilikuwa imekua ikawa kiwanda: banda refu, kalibu za chuma, kreni ya juu inayotembea kwenye reli, na malori ya kubeba kuta, ngazi na mihimili ya zege iliyomwagwa pale na kwenda kufungwa kwenye majengo ya watu. Baba alipofariki mwaka 2001, mali ilimfuata mwanamume, kazi ikamfuata mwanamke. Kaka akakalia kiti cha ngozi, na marehemu akakabidhiwa ratiba.

Ratiba wakati huo ilikuwa ubao ukutani na misumari ya rangi. Kila asubuhi wasimamizi waligombania kalibu kama watoto wanaogombania bembea. Ukuta wa ghorofa ya tano ulimwagwa kabla ya wa ghorofa ya kwanza. Lori lilifika kwa mteja likiwa limebeba ngazi, na mteja hana bado mahali pa kuziegemeza. Bei walikuwa wanakadiria kwa kukuna kidevu. Marehemu akasema hapana, hii si kazi, hii ni ramli. Akakaa na mumewe, ambaye ni fundi wa kalibu, wakapima kila hatua, naye akaandika programu. Ilimchukua sehemu kubwa ya ujana wake, na ilianza kutumika mwezi Machi 2006.

Kwa wasioijua, ni hivi. Unaipa michoro ya jengo. Yenyewe inakwambia vipande ni vingapi, kila kimoja kimwagwe kwenye kalibu ipi na siku gani, saruji na nondo kiasi gani, mafundi wangapi, na lori lipakiwe vipi ili kitakachofungwa kwanza kiwe juu. Na kabla kokoto haijaguswa, inakwambia kipande hicho kitakugharimu nini. Ukiiambia unataka haraka, inakuonyesha na gharama ya hiyo haraka. Programu ile ilijua mengi, ila kujipendekeza kwa bosi haikufundishwa.

Kwenye skrini kila kipande kilikuwa na rangi yake. Nyekundu maana yake zege bado bichi, halijapata nguvu ya kubeba uzito wake lenyewe. Kijani maana yake tayari. Hapo ndipo swali la zamani la karakana ya baba lilipogeuka desturi ya kiwanda, ambayo wafanyakazi waliopo hapa wanaijua kama sala. Mwendeshaji kreni hanyanyui kitu bila kuuliza kwa sauti, "Limekomaa?" Na mwenye ratiba anajibu kwa sauti, banda zima lisikie. Ikiwa tayari, "Limekomaa, nyanyua." Ikiwa si tayari, "Bado." Marehemu alisema "bado" mara nyingi mno hata jina lake la cheti likasahaulika. Akawa Mama Bado, akaitikia.

Ndoa yake ilifungwa tarehe 12 Desemba 1998. Mumewe anapenda kusimulia kwamba alipomposa mara ya kwanza, wakiwa wamekaa juu ya rundo la mbao, alijibiwa, "Bado." Akasubiri, akarudi, akauliza, "Sasa limekomaa?" Akaambiwa, "Limekomaa, lakini utaninyanyua polepole." Mumewe ni mtu wa mgongo mbovu, akatii. Walijaliwa binti mmoja, na katika nyumba yao hakuna aliyewahi kuwasikia wakipandishiana sauti, isipokuwa juu ya nani ameacha futikamba ya kupimia kwenye meza ya kulia.

Sasa tufike pale ambapo wasifu ule mwingine uliruka.

Tarehe 14 Agosti 2017 kaka yao alileta wageni kiwandani. Alikuwa amewaahidi paneli za ukuta mapema kuliko programu ilivyokubali, na kwa bei ambayo programu iliikataa. Asubuhi ile ilikuwa ya baridi na mvua, na kwenye baridi zege hukawia. Wageni wamesimama na kofia zao mpya. Mwendeshaji kreni, rimoti mkononi, akauliza, "Limekomaa?"

Marehemu akasema, "Bado. Kesho."

Kaka akacheka kwa ajili ya wageni. "Huyu kila siku ni bado. Nyanyua."

"Kaka, ni jekundu. Halijashika kwenye ndoano."

"Mwenye kiwanda ni nani hapa? Nyanyua, bwana!"

Kijana wa watu akanyanyua. Ndoano ikang'oka na donge la zege bichi, paneli ikashuka, na mguu wake wa kushoto ukabaki chini yake. Daktari aliukata chini ya goti.

Wakaguzi walipokuja, kaka alisema programu ilikuwa imeonyesha kijani. Usiku kabla ya hapo alikuwa amekwenda kwa mama na kumwita marehemu sebuleni. Mdogo wake alikuwa jikoni na mlango ulikuwa wazi. "Ukisema ni kosa la programu, kiwanda kinabaki," kaka alisema. "Ukisema ni mimi, kinafungwa, na watu wote hawa watakula nini? Utawalisha wewe?" Mama akasema, "Mwanangu, yaishe. Ya nyumbani yabaki nyumbani." Marehemu akanyamaza. Mwendeshaji kreni naye alinyamaza, kwa kuwa alikuwa na mguu mmoja na watoto wanne. Wengine mlionyamaza mnajijua, na leo hamjaja kuhukumiwa ninyi.

Mwezi uliofuata marehemu aliachishwa kazi. Mitaani aliitwa yule mama aliyemkata mtu mguu kwa kompyuta. Sokoni watu walipunguza sauti akipita. Lakini programu yenyewe, ile yenye makosa, haikuachishwa kazi. Kaka aliendelea kuitumia, akaiuzia viwanda vingine, akaibandika jina lake na picha yake amekunja mikono. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni: mwaka huu ikashinda tuzo ya ubunifu.

Marehemu alianza kuugua mwishoni mwa 2021. Daktari alisema ni figo. Mdogo wake si daktari, naye ana lake: figo zilifuata tu, kilichotangulia ni lile neno alilolimeza sebuleni kwa mama. Alilazwa mara kadhaa, na mumewe akajifunza kumgeuza kitandani kwa ule uangalifu wa fundi anayefungua kalibu. Kaka alikuja mara moja, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyeegesha gari vibaya. Marehemu hakumwomba fedha wala samahani. Alimwambia, "Sema tu nani alisema nyanyua. Sema mbele ya watu, mara moja, nikiwa hai." Kaka akatazama saa, akasema, "Tutaongea." Alifariki Jumapili iliyopita, alasiri, mkono wake ukiwa katika mkono wa binti yake. Hawakuwa wameongea.

Jumatatu kaka alitangaza kwamba bamba la kufunika kaburi litatoka kiwandani kwake, zege bora kuliko yote, na kwamba mazishi ni Alhamisi, kwa kuwa Ijumaa alikuwa na safari. Safari ya kupokea tuzo. Bamba likamwagwa Jumanne. Hali ya hewa mliiona wenyewe, baridi na manyunyu. Alhamisi asubuhi skrini ilikuwa nyekundu.

Kaka akapiga simu. Mwendeshaji kreni aliiweka sauti ya nje, na banda zima lilisikia.

"Nyanyueni, watu wanakuja!"

"Bosi, skrini inasema bado."

"Ni bamba la kaburi tu! Aliye chini ameshakufa, litamvunja nini?"

"Bosi," akajibu, "mimi mguu niliobaki nao ni mmoja."

Akaweka rimoti chini. Wenzake wakavua glovu, mmoja baada ya mwingine, wakaziweka juu ya bamba. Mazishi yakasogezwa, ndege ikaondoka, na tuzo ikapokelewa na kiti kitupu. Mdogo wake marehemu hafichi kitu: alipopata habari alicheka, akacheka hadi akaegemea friji, kisha akakaa sakafuni akalia. Dada yake alikuwa amemngojesha kaka kwa mara ya kwanza maishani mwake, na ilibidi afe kwanza.

Siku hiyohiyo mama aliuona wasifu ule mfupi, wenye kusema programu "ilibuniwa na uongozi wa kiwanda." Akauweka chini, akamwambia bintiye mdogo, "Andika wako. Andika na la chungu. Mimi nilikuwa dirishani mara zote mbili."

Marehemu ameacha mama mzazi, mume, binti mmoja na mkwe, mjukuu wa kike ambaye neno lake la kwanza, wallahi, lilikuwa "bado", na mdogo wake wa kike anayesoma haya. Ameacha pia kaka mmoja, kiti cha tatu kutoka kushoto, suti ya kijivu.

Bamba liko nyuma yenu, kwenye lori lenye kreni yake ndogo. Tangu jana ni kijani. Mwendeshaji kreni amesimama kando yake, na kwa desturi ya kiwanda hatalinyanyua kabla hajauliza kwa sauti na kujibiwa kwa sauti. Mwenye ratiba tunaye hapa ndani ya jeneza, kwa hiyo leo atajibu mwenye kiwanda. Maswali ni mawili. La kwanza ni lile la siku zote, limekomaa? La pili ni nani alisema nyanyua, tarehe 14 Agosti 2017. Bila jibu la pili, kreni haitawashwa.

Viti vipo, maji ya kunywa yapo, na mvua imekatika. Kaka, simama ujibu.

Mama Bado apumzike kwa amani. Sisi hatuna haraka.