Bi Mkasi, Aliyeisoma Mikono ya Blauzi

Ndugu waombolezaji, naomba utulivu wenu, nisome kwa niaba ya familia safari ya dada yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Mkasi.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha nguo, akasoma shule ya msingi ya hapohapo kiwandani, akahitimu mwaka 1976, kisha akafundishwa ukataji, akapanda hadi mkataji mkuu, na kiwanda kilipofungwa mwaka 1998 alifungua chumba chake cha ushonaji, ulimi wake ukiwa mkali kuliko vifaa vyake.

Tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa na shemeji yetu, mpanga vigae, wakajaliwa mabinti wawili, mkubwa muuguzi, na kitinda mimba mshonaji kama mama yake. Mezani kwao ubishi haukuisha, nani anajua zaidi mambo yanayojirudia, baba akidai yako sakafuni, muuguzi akidai yako kwenye homa inayopanda kila jioni, mama akiwakata kauli kwamba kila kitu kina karatasi yake ya kukatia, ukiiona umeshaijua nguo.

Kitinda mimba aliolewa mwaka 2019, akaanza kumwomba mama blauzi, ya kwanza mikono ya kiwikoni, ya pili ikafika viganjani, ya tatu ikataka kola ya kufunika shingo, tena kwenye joto la kuchoma. Mama alizitandaza mezani karatasi za kukatia blauzi zile tatu, akazipanga mkono juu ya mkono. Muuguzi akasema wodini huwa hivyohivyo, leo mke wa mtu kaanguka, kesho kajigonga mlangoni, na mpanga vigae akasema kigae kimoja kikipinda ni bahati mbaya, vitatu vikipinda upande mmoja muulize fundi. Siku hiyohiyo Bi Mkasi alimfuata mwanawe, akamrudisha nyumbani na begi moja.

Kuhusu ugonjwa na kifo, wazee wa ukoo wameniomba nisome kwamba aliugua ghafla, ili ukwe usivunjike. Sitasoma hivyo. Dada yetu hakuugua. Asubuhi ya tarehe 9 Juni mwaka huu, mkwe alivunja mlango wa chumba cha ushonaji, akamburuta mkewe kwa nywele hadi kizingitini, mama akajitupa katikati, akamng'ang'ania mkwe kiunoni, yule mwanamume akanyakua pasi ya chuma, akampiga kichwani, akarudia, akarudia tena, damu ikatapakaa hadi kwenye vitambaa vya wateja. Binti alipata nafasi akakimbia, yu hai, amekaa pale mbele. Mama alifariki hospitalini adhuhuri.

Tunawashukuru madaktari waliohangaika naye, majirani waliomkamata muuaji wakamfikisha polisi akiwa mzima, ingawa ngumi ziliwawasha, na mafundi wenzake waliomshonea vazi la mwisho. Wenye kupanga tuyamalize kifamilia, mambo ya funika kombe mwanaharamu apite yameishia hapa, binti yetu atasimama mahakamani, nasi tutakuwa nyuma yake.

Dada, pumzika kwa amani. Sisi bado.