Daraja la Gitaa la Emile Pietersz na Uzi wa Tatu

Ndugu na jamaa, majirani wa mtaa wa Laakkwartier, na ninyi wanamuziki wa zamani mliokuja na viatu vilivyong'arishwa kama enzi zenu, mimi ni Ingrid, mtoto wa pekee wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea historia ya maisha yake, nami nitaisoma kama nilivyoiandika, ila kwanza niseme neno juu ya vitu viwili ambavyo nimewasikia mkivinong'onezea tangu mlipoingia, yaani gitaa jekundu lililosimama kando ya jeneza na spika yake ndogo, na plaizi iliyoko hapa mbele yangu. Vyote viwili ni agizo la Baba. Nitafika huko kwa wakati wake, na wewe Shangazi Deetje, uliyekaa safu ya pili na mkoba mapajani kama mtu anayengoja tramu, nakuomba usiondoke kabla sijafika.

Marehemu Emile Theodoor Pietersz alizaliwa tarehe 9 Machi 1938 mjini Malang, Java Mashariki, mtoto wa kwanza wa Theodoor Pietersz, karani wa kiwanda cha sukari, na mkewe Adolfine, ambaye wengi wenu mlimwita Oma Fine, yaani Bibi Fine, na mlikula jikoni kwake bila kualikwa. Tarehe 2 Juni 1941 akazaliwa dada yake, Deetje, na hao wawili ndio watoto pekee wa nyumba ile, kwa sababu vita vilimchukua Babu na hakurudi. Oma aliwalea kwa cherehani, na jioni alipiga gitaa la mbao kwa kuburuza chupa juu ya nyuzi, sauti ikapanda na kushuka bila kukatika, na Baba alisema mpaka uzeeni kwamba kila alichokifanya na chuma maishani mwake alikuwa anaitafuta sauti ile ya chupa.

Alianza shule ya msingi hapo Malang mwaka 1947, akiwa amecheleweshwa na vita, na mwishoni mwa mwaka 1954, sisi Waindo wenye damu mchanganyiko ya Java na Uholanzi tulipokuwa hatuna tena kwetu kule, Oma alipanda meli na watoto wake wawili, wakashuka Rotterdam Januari 1955 wakiwa wamevaa makoti ya kupewa, wakawekwa chumba kimoja katika nyumba ya wageni ambako mama mwenye nyumba aliwapa viazi vya kuchemsha kila siku ya Mungu, na Oma akavipaka sambal, pilipili yetu ya kusaga, kwa siri ili vilike. Mwaka huohuo walihamia hapa The Hague, Baba akasoma ufundi wa chuma hadi 1957, na tarehe 1 Agosti mwaka huo akaajiriwa katika kiwanda cha mizani, idara ya springi, ambako alifanya kazi mpaka alipostaafu mwaka 1998, isipokuwa miezi ile ya Ujerumani. Miezi hiyo siwezi kuiruka, ingawa kuna walioniomba niiruke.

Wenye umri wao humu ndani wanaikumbuka bendi ya Tjitjak iliyokwenda kupiga Hamburg, Ujerumani, rafiki wa Baba tunayemwita Mjomba Ventje kwenye ngoma, Baba kwenye gitaa la pili na ufundi wote, na mbele kabisa Shangazi Deetje na gitaa hili jekundu, msichana wa miaka ishirini aliyelipiga akiwa ameliweka nyuma ya shingo huku wanaume wa Hamburg wakisahau bia zao. Tarehe 17 Septemba 1961, Jumapili mchana, watu wa kampuni moja ya sahani za santuri walikuja kuzisikiliza bendi tatu, waichague moja.

Kwa wasiojua mambo haya, daraja la gitaa ni kile kibamba cha chuma kinachoshikilia nyuzi kwa chini, na kwenye magitaa ya namna hii kina mkono, ukiubonyeza nyuzi zinalegea na sauti inayumba. Daraja hilo unaweza kulilaza juu ya mbao, hapo litashusha sauti tu, halitaipandisha, lakini halitakuangusha. Au unaweza kuliacha linaelea, nyuzi sita zikilivuta huku na springi za mgongoni zikilivuta kule, na likielea hivyo linapanda na kushuka kama chupa ya Oma, ila uzi mmoja ukikatika springi zinashinda, daraja linarudi nyuma, na nyuzi tano zilizobaki zinapanda zote kwa pamoja, kila mmoja kivyake, gitaa zima likawa takataka mikononi mwako. Shangazi alitaka lilazwe. Baba alitaka lielee, wakabishana wiki nzima, na mwisho Shangazi akamwambia kwamba gitaa ni lake na vidole ni vyake. Kabla ya kupanda jukwaani alimuuliza, "Emile, umelilaza?" Baba akajibu, "Nimelilaza, Dee. Limeshika. Niamini."

Hakuwa amelilaza. Aliacha upenyo wa unene wa kadi ya posta, kwa kuamini kwamba dada yake akishaisikia ile sauti atamshukuru. Wakaanza wimbo wa pili, "Mvua ya Malang", ambao Shangazi aliutunga kutokana na jioni za Oma, na katikati yake, pale unapoanza kupanda, uzi ukakatika, na daraja likafanya lile ambalo daraja linaloelea hufanya. Alijaribu kuendelea. Mtu mmoja ukumbini akapiga kelele, "Dada, anika nguo, kamba unazo!" na watu wakacheka, wakiwemo wale wa kampuni. Shangazi aliliweka gitaa chini palepale jukwaani, akashuka, akapanda treni, akaomba kazi posta hapa The Hague, na hakupiga tena gitaa mbele ya mtu, na mkataba ukaenda kwa bendi nyingine. Baba aliliokota gitaa. Na kwa kuwa leo si siku ya kupaka rangi, niseme wazi kwamba alimdanganya dada yake, na alilijua hilo kila asubuhi alipoamka.

Tarehe 14 Mei 1965 alifunga ndoa na Corrie Spaans wa Scheveningen, mama yangu, aliyetutangulia mwaka 2009, nami nikazaliwa tarehe 30 Januari 1968, nikakulia chini ya meza yenye madaraja. Wengine wana mabwawa ya samaki, Baba alikuwa na meza. Aliyapanga yote bega kwa bega, akayafunga kwenye ubao mmoja, nyuzi zilezile, akayabonyeza moja baada ya jingine, na wateja waliokuja kutengenezewa magitaa wakalazimika kumsikiliza. Kuhusu lile zito lenye springi moja juu ya tumbo la gitaa alisema, "Huyu mpole, hana ugomvi na mtu, lakini mwambie akimbie, atakuuliza kwa nini." Lilipokuja lile la miaka ya themanini, linalozibana nyuzi kwa skrubu juu na chini, alisema, "Huyu askari. Mtikise utakavyo, hapotezi sauti. Ila mnyang'anye uzi mmoja uone anavyolia kama mwingine yeyote." Mama alikuwa anamuuliza kama kuna hata moja analolipenda, naye alijibu kwamba analitafuta.

Mwaka 1988, alipotimiza miaka hamsini, alilifunga lile daraja la askari kwenye gitaa jekundu, akalileta mezani mbele ya wageni wote, akamwambia Shangazi, "Dee, jaribu tu."

"Nipitishie sambal," akasema Shangazi.

"Kidogo tu, Dee."

"Nimesema sambal, Emile."

Akapitishiwa sambal, na tukala tukiangalia sahani zetu. Baba akaling'oa daraja lile wiki hiyohiyo, akalirudisha la zamani, akaanza kuchonga kitu chake mwenyewe, kipini kidogo cha chuma chenye springi ya peke yake, kinachokaa nyuma ya daraja, ukilibonyeza kinaliacha liende, ukilivuta kinasogea, lakini uzi ukikatika kinalizuia lisirudi nyuma. Wengine duniani wametengeneza vitu vya jinsi hiyo, madukani vipo, alivinunua na kuvikosoa vyote. Chake kilimchukua uzee wake wote.

Ugonjwa wa moyo ulimwanza mwaka 2021, na mwezi uliopita alilazwa. Shangazi alikuja kumwona, akakaa, akamenya chenza. Baba akamwambia, "Dee, sasa limeshika." Shangazi akajibu, "Ndivyo ulivyoniambia Hamburg," akamwekea vipande vya chenza kiganjani, akachukua koti lake. Hayo ndiyo maneno yao ya mwisho. Mimi nilikuwepo, na usiku ule nilimchukia Shangazi, kisha nikamchukia Baba, kisha nikalala.

Kesho yake Baba akaniagiza, "Siku ya kuisoma historia yangu, ukifika kwenye ugonjwa wangu, kata uzi wa gitaa mbele ya Dee. Mimi sitakuwepo kumwambia aniamini." Nikamuuliza, na lisiposhika je? Akasema, "Nitakuwa nimeshakufa, mwanangu, aibu itakuwa yako." Alifariki Jumatatu tarehe 6 Novemba 2023, akiwa na miaka themanini na mitano. Gitaa nimelileta kwa gari kwenye baridi, humu ndani kuna joto, Mjomba Ventje ameliweka sawa asubuhi, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kuligusa.

Hapa karatasi yangu ilikuwa na neno moja tu, "Kata." Yanayofuata nimeyaongeza baadaye, ili ndugu wa Melbourne na California ambao hawakuweza kuja wapate nakala iliyo kamili.

Nilishika plaizi, nikaiweka kwenye uzi mwembamba wa mwisho, na sauti ikatoka safu ya pili, "Sio huo!" Shangazi alikuwa amesimama. "Huo haukukatika. Ulikatika wa tatu. Historia yenyewe hamuijui, halafu mnanisomea mimi." Akaja mbele, akanikabidhi mkoba wake, akaninyang'anya plaizi. Bwana wa ukumbi aliingia akionyesha saa yake, maana familia nyingine ilikuwa inangoja nje, na Mjomba Ventje akamwambia bila hata kugeuka, "Kaa, bwana. Sisi tumengoja toka sitini na moja."

Shangazi alilivaa gitaa, akapiga nyuzi zote sita mara moja, akaukata wa tatu. Ulilia kama kofi. Mimi nilikuwa nalitazama daraja, nikaliona linashtuka, likagonga kile kipini, likasimama. Akagusa nyuzi tano zilizobaki, mmoja mmoja, ameinamisha kichwa, na kwa kuwa mimi sina sikio la muziki nilimtazama usoni, na uso wake haukuniambia chochote. Akabonyeza mkono, akauachia. Akagusa tena zote tano.

"Emile," akaliambia jeneza, "mwongo mkubwa wewe." Akafuta macho kwa mkono ulioshika plaizi. "Leo umesema kweli."

Kisha akapiga "Mvua ya Malang", si tangu mwanzo, alianzia pale katikati ulipokatikia, vidole vya miaka themanini na miwili vikijikwaa, akiruka kila mahali uzi wa tatu ulipohitajika, na akaupandisha mkono juu kama chupa ya Oma, mpaka wimbo ukafika mwisho wake.

Niliporudi kwenye karatasi sikuweza kuisoma vizuri, kwa hiyo narudia hapa shukrani zetu kwa madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, kwa majirani waliotuletea supu, kwa wenzake wa kiwanda cha mizani, na kwa akina mama waliokesha wakifunga lemper, wali wa kunata ndani ya majani ya mgomba, za kutosha watu wawili kwa kila aliyekuja. Gitaa tulikuwa tumepanga liende na Baba. Shangazi Deetje amelichukua, akaenda nalo nyumbani kwa tramu, na ameshaniuliza nyuzi mpya zinauzwa wapi siku hizi.

Lala kwa utulivu, Baba. Limeshika.