Kivuli cha Jiwe la Fahali

Pale Majengo, nyuma ya maduka ya mbolea, kuna benchi la mbao lililoegemea ukuta, na upepo wa Ufipa hulipiga asubuhi mpaka watu wanakunywa kahawa wamevaa makoti na kofia za sufu. Hapo ndipo Modesti alipokaa siku hiyo ya Novemba, roho juu. Saa sita mnunuzi wa mnadani angekuja nyumbani kuwachukua Waziri na Katibu, maksai wake wawili wa kulimia, ili yeye apate hela ya mashine ya kutafutia dhahabu. Bertila, mkewe, hakuwa na habari. Modesti alikuwa amechoka, jamani. Kila mwaka anatazama mikia ya ng'ombe, na mgodi alioutaja babu yake umelala tu huko Kasense. Alitaka wenzake wamwambie uza. Na kijiwe kile, ukitaka ushauri mbovu, unapewa na kashata juu.

— Hebu rudia maneno ya babu, alisema Setilaiti. Jina lake ni Adolfu, ila tangu anunue simu yenye ramani hakuna anayemwita hivyo.

Modesti aliyasema kama sala.

— Shika njia ya Kasense. Pita katikati ya Mafiga ya Zimwi, yale mawe makubwa matatu. Mbele utaona Jiwe la Fahali limelala. Mvua ya kwanza ya mwaka ikianza kudondoka, tazama kivuli cha pembe yake. Kinapoishia, chimba.

— Mbona iko wazi, mshikaji? alisema Setilaiti. — Waliokosa walichimba kiangazi, kwa kubahatisha. Baba yangu mdogo alichimba mwezi wa nane, akatoka na mavi ya chuma ya wahunzi wa zamani.

— Kiangazi hakina kosa, alisema Mzee Polikarp. Huyu wanamwita Gavana, maana anamzungumzia Mjerumani kama jirani yake. — Mjerumani alilizungusha lile jiwe kwa nyumbu. Pembe ilikuwa inatazama Mwimbi, leo inatazama kanisani. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Mjerumani alikuwa mrefu. Ndiyo maana aliondoka mikono mitupu.

— Mzee, heshima yako ipo, ila hapo umetupiga kamba, alisema Teodori muuza kahawa, akimimina. — Jiwe linajigeuza lenyewe. Yule fahali huamka akaenda kunywa Ziwa Rukwa, akirudi analalia ubavu mwingine. Mama yangu aliziona kwato.

— Kwato za jiwe? aliuliza Modesti.

— Za nani tena? Maji ya ziwa yanapungua, ninyi mlidhani yanakwenda wapi?

Setilaiti alitikisa kichwa kwa huruma.

— Mimi nimelitazama kutoka juu. Pale ramani inaweka ukungu. Dhahabu ikizidi, inaipofusha mitambo. Damu nzito kuliko maji.

— Damu imeingiaje hapo? aliuliza Gavana.

— Imeingia tu.

Modesti alikuwa anawatazama midomo kama mtu anayesubiri hukumu.

— Kwa hiyo niuze?

— Haraka haraka haina baraka, alisema Gavana. — Uza leo hii hii.

Ndipo Bertila akatokea kwenye kona ya duka, kamba ya nira begani. Hakuwahi kufika kijiweni hapo, na wanaume walisogea wenyewe bila kuambiwa.

— Shikamoo, Mzee Polikarp.

— Marahaba, mwanangu.

— Baba Lydia, kuna mtu nyumbani amemfungua Waziri mdomo, anamhesabu meno. Anasema amewahi kidogo.

Modesti alitamani ardhi ipasuke immeze. Akaeleza yote huku akikitazama kikombe, na Setilaiti, kwa kutaka kumwokoa, akayarudia maneno ya babu mwanzo hadi mwisho. Bertila alisikiliza. Kisha akatazama juu, ambako mawingu yalikuwa yameziba kote.

— Sawa. Sasa mvua ikishaanza kudondoka, hicho kivuli mnakiona kwa jua lipi?

Setilaiti alifungua simu, akaifunga. Gavana alisema, "Mjerumani," akaishia hapo. Teodori akaliinamisha birika, likatoa machicha matupu.

Na wote wale ni wakulima, hata Teodori, na hakuna aliyewahi kuliwaza hilo. Lakini mvua ya kwanza ikija, Ufipa nzima imeinama nyuma ya jembe. Nani ana nafasi ya kwenda kutazama jiwe? Modesti alimkumbuka babu yake siku kama hizo, amelowa chapachapa nyuma ya maksai, anacheka peke yake. Watoto walidhani anafurahia mvua.

— Mzee yule, alisema Modesti, na kicheko kikamshika mpaka akamwaga kahawa. — Mzee yule alinipiga kamba nikiwa mdogo, na mpaka leo imenishika.

Tone la kwanza likatua kwenye kikombe cha Gavana.

— Twende, mke wangu, kabla yule mtu hajamfikia Katibu.

Wakaondoka mbio. Walipofika njia panda, Modesti aligeuza shingo kuelekea Kasense, kidogo tu. Bertila alimwona. Akamtupia kamba ya nira kiunoni, akamvuta.