Siku Sabini na Moja za Virgule

Habari hii ililetwa nyumbani kwetu mara ya kwanza na Godelive, muuza kahawa wa Kimemi, Jumatano tarehe 14 Juni 2023, saa tisa alasiri. Yaliyokuwa moyoni mwa Sadrack yeye hakuyajua. Hayo Sadrack aliyaeleza mwenyewe mwaka uliofuata, siku ya tatu ya matanga ya baba yake, na alikubali yaandikwe kwa sharti kwamba jina lake lisibadilishwe.

Benchi yalikotokea hayo ni ubao wa mkaratusi uliolazwa juu ya matofali, mbele ya kibanda cha Ésaïe anayetengeneza simu, pale Kimemi, mjini Butembo. Ésaïe walimwita Antenne, kwa kuwa kila habari ilimfikia yeye kwanza, hata ile ambayo haijatokea. Pembeni yake hukaa mzee Kahongya, karani wa serikali kwa miaka thelathini na mmoja, aliyeitwa Bureau, yaani ofisi. Godelive hukaa juu ya kiti chake kifupi, thermos mbili za kahawa ya tangawizi kati ya miguu. Wa nne alikuwa Sadrack, mwandishi wa programu za kompyuta. Yeye walimwita Préfet, kama yule anayesimamia nidhamu shuleni, kwa sababu ndilo jina alilojichagulia kwenye forum.

Forum hiyo ni mahali kwenye mtandao ambapo waandishi wa programu wa Butembo, Beni na kwingineko huulizana na kusaidiana. Ina baraza, ambako kila mpita njia anasoma na kuuliza. Ina pia salon, ya wanachama tu, ambamo watu huweka kazi zao wenyewe ili wenzao wazikague. Wanachama hujuana kwa majina ya utani. Majina ya kweli huonwa na walinzi watatu peke yao, na Sadrack alikuwa mmoja wa hao watatu. Mwezi wa tano aliandika article 4 ya règlement, yaani kanuni za forum: anayekaa siku sitini bila kuandika neno, anatolewa salon. Jumatatu ya juma lile alimtoa wa kwanza, aliyekuwa amenyamaza siku sabini na moja. Huyo aliitwa Virgule, yaani alama ya mkato, kwa sababu alikuwa na jicho la kuona alama ndogo iliyokosekana katika kazi ya mwenzake, akamwonyesha bila kumcheka.

Basi Jumatano asubuhi Antenne aliinua simu yake juu, kama mtu aliyekamata panya kwa mkia.

— Virgule ameandika! Njo huyu hapa kwa baraza, amekaa na bageni.

— Anasema nini? Soma, akasema Godelive.

Antenne akasoma kwa sauti ya misa:

— «Bonjour. Nilikuwa mwanachama. Niko na kazi yangu mule ndani, vipande kumi na ine. Naomba kuingia niichukue.»

— Na banamujibu? akauliza Bureau.

— Préfet amemujibu, jana. «Soma règlement, article 4.»

Bureau akapiga goti lake kwa furaha.

— Voilà! Ile njo jibu ya bureau! Hakuna bonjour, hakuna nini. Mimi nilijibuka batu vile miaka makumi tatu na moja, na hakuna mutu alinirudilia.

Sadrack akanywa kahawa yake ikiwa bado moto. Jana jibu lile lilikuwa limemwonekania fupi na safi. Sasa, likisomwa kwa mdomo wa Antenne mbele ya watu, lilikuwa na sura nyingine.

— Mais mutu anaomba kitu yake, akasema Godelive.

— Article 4 ni ya bote, mama Gode, Sadrack akajibu. Batu banaingia, banasoma, banachukua, hawatoe kitu. Salon haiko hoteli.

— Sawa. Lakini siku sabini na moja mutu ananyamaza, hamukujiuliza iko wapi?

Swali hilo Antenne alilipokea kama lilikuwa lake.

— Mie najua iko wapi. Iko Kampala. Batu ba Kampala njo banamutuma, anakopia kazi yetu, anaipeleka kule.

— Na anaacha yake humu ndani juu ya nini?

— Ni mutego, mama Gode. Panya unamuwekeaka muhogo.

— Hapana Kampala, akakata Bureau. Sikieni mie mwenye niliona serikali. Ule ni fictif. Ni mutu mwenye iko kwa liste na hayuko ku dunia. Kwetu tulikuwa na fictif mumoja, alipanda grade mara mbili. Mwaka moja alipata hata congé, likizo ya kulipwa.

— Congé alienda wapi?

— Njo ile tulikuwa tunajiuliza.

Godelive akacheka mpaka akashika mfuniko wa thermos.

— Wazee banasema, Bureau akaendelea, kimya mingi iko na mushindo. Donc tulingoja mushindo. Siku sabini na moja, haukukuya. Tukamufuta.

— Tukamufuta na nani? Wewe uko mu forum?

— Sina hata simu ya kupapasa. Lakini bureau ni bureau.

— Mie naona ni mwanamuke, akasema Godelive, na ameolewa. Mama-mukwe amefungia simu yake mu sanduku. Anaisikiaka inalia chini ya bitenge, na hawezi kusema kitu.

— Mwanamuke? Ni robot! Antenne akasimama sasa. Nipeni akili. Mwezi wa pili nilikosa virgule moja tu, moja! Akanionyesha saa kumi na moja ya asubuyi, na akaniandikia «pole». Mutu gani mwenye damu anaamka saa ile juu ya virgule ya mwenzake?

— Robot inasemaka pole?

— Ya kisasa, ndiyo. Banaitia pole ndani mu usine, kule banaitengenezaka.

— Basi ni robot fictif, akahukumu Bureau. Ao ni batu batatu kwa jina moja: mumoja wa Bunia, mumoja wa Kasindi, na wa tatu amekufa. Njo wa tatu mwenye ananyamazaka.

Sadrack alicheka pamoja nao, kwa kuwa asiyecheka angeulizwa. Yeye alijua Virgule si robot. Katika orodha ya walinzi jina lake la kweli lilikuwa Katungu, wa Bungulu, mjini Beni: binti wa shangazi yake, dada ya baba yake. Walilelewa likizo nyingi kwa nyanya mmoja, wakala sahani moja, na ni Katungu aliyekuwa akimwachia kipande cha mwisho. Katungu hakujua kuwa Préfet ni nani. Sadrack alijua Virgule ni nani tangu siku ya kwanza.

Na ndiyo sababu alianza naye. Mwezi wa nne mlinzi mwingine alikuwa amemtoa mpwa wa Antenne, na Antenne alipiga kelele juma zima hapo benchini kwamba kila mlinzi analinda wa kwao. Maneno hayo yalimchoma Sadrack. Kanuni yake ilipoanza kazi, watu kumi na mmoja walikuwa wamepita siku sitini. Akachagua jina la Katungu kwanza, ili siku moja akiulizwa aweze kusema kwamba hakuachilia hata wa damu yake. Alipobonyeza alijiona mnyoofu kama rula. Wale wengine kumi hakuwafikia.

Namba ya Katungu alikuwa nayo. Alifikiri kwamba kumpigia simu kabla ya kumtoa kungekuwa upendeleo.

Na kuna jambo jingine. Mwezi wa nne mama yake alimwambia, wakiwa mezani, kwamba shangazi na watoto wake walikuwa shambani wakati watu wa upande ule walipokimbia vita, na kwamba sasa wanalala ndani ya kanisa moja la Beni, kwa kuwa mtaa wao nao ulikuwa umehamwa. Kwa muda mrefu Sadrack alijiambia kwamba hakuunganisha habari ile na siku sabini na moja. Kwenye matanga alikubali kwamba aliunganisha, kisha akaiweka pembeni. Alilisema hilo kwa sauti ya chini, kwa sababu Katungu mwenyewe alikuwa upande wa pili wa ukuta, akimenya viazi pamoja na wanawake wengine.

— Lakini Préfet, akasema Antenne akikaa tena, mie leo nakupongeza. Nilisemaka munalinda ba kwenu. Huyu hakuwa na yaya, kaka mukubwa, hakuwa na mujomba kwa forum. Umemufuta propre, safi kabisa.

— Ni règlement, Sadrack akasema.

— Ndugu bakigombana, chukua jembe ukalime! akasema Bureau.

— Ile inaingilia wapi hapa, muzee?

— Inaingilia. Ngojeni tu.

Godelive hakuacha.

— Antenne, wewe unaingiaka ndani. Ile kazi yake ni ya nini?

Antenne akapapasa simu yake, akasoma, akakunja uso.

— Ni ya chanjo. Ya centre de santé, kituo cha afya. Mama anakuja na mutoto, infirmière, muuguzi, anaandika jina, na machine inakumbusha siku ya kurudi.

— Eh! Na robot iko na mawazo ya batoto ba batu?

Ndipo pikipiki ikasimama mbele ya kibanda, akashuka mwanamke mwenye koti la kijani. Sadrack alimtambua kabla hajageuka. Alikuwa Eliane, mdogo wake Katungu, mwalimu wa shule ya msingi.

— Yaya Sadrack! Nimepita kwako, banasema uko kwa benchi. Mama anakusalimia sana.

— Karibu, Eliane. Shangazi iko muzima?

— Muzima. Tumerudi ku nyumba juma mbili sasa. Katungu njo amenituma kwako.

Antenne akasogea kumpa nafasi. Godelive akamwekea kahawa mkononi.

— Wasingya, mama, akasema Eliane, akishukuru kwa Kinande. Akageukia Sadrack. Yaya, wewe uko mutu wa machine, utaelewa. Tulipokimbia kule shamba, Katungu aliacha machine yake, kompyuta. Tuliporudi hatukuikuta. Mwaka muzima alikuwa anafanyia centre de santé kazi moja, ya chanjo ya batoto.

Kikombe cha Bureau kilisimama nusu ya njia. Eliane hakuona.

— Mie nililia. Yeye hakulia. Alisema, iko ingine, nilikuwa naiwekaka kidogo kidogo kwa forum, mule salon, juu banisaidie. Basi ameazima simu ya jirani, anataka kuingia, bamefunga. Na kesho kutwa infirmière-chef anaingoja. Akikosa, banamupatia mutu mwingine ile kazi.

— Bamefunga, akarudia Godelive polepole, bila kuuliza.

— Ndiyo. Kuko mulinzi mumoja, banamuitaka Préfet. Katungu hana hasira naye, yaya. Anasema labda ni mutu wa mbali, wa Lubumbashi ao wa Ulaya, hana namba yake. Kama angekuwa nayo, angemuita tu, amuulize: uko wapi?

Eliane akanywa kidogo, akawatazama mmoja mmoja, kwa heshima.

— Nyinyi ba hapa, hamumujue huyu Préfet?

Bureau, mtu ambaye hakuwahi kukosa jibu mbele ya mwombaji, alifungua mdomo. Godelive akamimina kahawa katika kikombe cha mzee ambacho kilikuwa bado kimejaa. Kahawa ikamwagika gotini kwake, na mzee hakupiga kelele. Antenne alikuwa ameinama akizipanga skrubu zake juu ya kitambaa, ndogo kwa ndogo. Sadrack alingoja mmoja wao aseme. Kisha akaelewa kwamba walikuwa wananyamaza ili wamwachie yeye nafasi ya kulisema.

Akatoa simu mfukoni. Akafungua orodha, akatafuta Virgule, akabonyeza. Haikuchukua muda wa kumeza mate.

— Mwambie ajaribu tena, akasema.

— Sasa hivi?

— Sasa.

Eliane akapiga simu palepale. Walimsikia jirani akiita uani, kisha hatua, kisha mwanamke akipiga kigelegele cha mara moja, kifupi, kama mtu anayeona haya kufurahi. Eliane akaruka.

— Ameingia! Iko yote, vipande kumi na ine! Yaya, kumbe unamujua Préfet?

— Kidogo, Sadrack akasema.

Alieleza baadaye kwamba neno hilo lilitoka lenyewe, na kwamba tangu lilipotoka amelitafutia neno jingine la kulirudisha, hajalipata.

Eliane akamsogezea simu sikioni kabla hajakataa. Sauti ya Katungu ilikuwa nyembamba na ya haraka.

— Yaya, wasingya. Sikujua nikuombe wewe mapema. Umwambie na huyu mutu wasingya, ee? Umwambie sikukasirika, nilijua tu hakunijua.

— Nitamwambia.

Eliane alipokwisha kwenda, pikipiki ikimeza kona, hakuna aliyemtazama mwenzake. Antenne akaanza:

— Préf… Akaacha. Kisha akasema: Sadrack.

Akaishia hapo.

Godelive akafunga mfuniko na kusimama.

— Kawa imeisha, akasema.

Ilikuwa saa nne ya asubuhi, na thermos ya pili ilikuwa haijafunguliwa. Bureau akaondoka naye, Antenne akaingia kibandani, na Sadrack akabaki peke yake juu ya ubao.

Katika waliokuwapo siku ile, mzee Kahongya alifariki tarehe 9 Januari 2025, kwa presha. Ésaïe yuko hai. Amehamishia kibanda chake Kasindi. Godelive yuko hai na bado anauza kahawa Kimemi. Eliane yuko hai, anafundisha Bungulu. Sadrack yuko hai. Aliacha ulinzi mwezi uleule, lakini article 4 ingalipo. Katungu yuko hai, anaishi Beu, mtaa mwingine wa Beni, na watoto wake wawili, na programu yake inatumika hadi leo. Kila mwaka mpya humwandikia Sadrack salamu ndefu, na chini kabisa huongeza mstari mmoja: «Yaya, unisalimie Préfet.»